Udongo wa Nyuma ya Pipa la Masizi

Watu wa Harle Moor husema Olive Nattrass alikuwa na roho mbaya. Sikatai. Niliishi naye ukuta kwa ukuta tangu tulipoolewa, yeye na Tot wake, mimi na marehemu Joss, na ninachosema ni kwamba roho ile hakuzaliwa nayo. Alipewa. Waliompa ni wanaume wa klabu ya vitunguu, na mmoja wao alimpa kuliko wenzake wote.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye viganja vipana kama vya mwanamume. Aliosha vyombo katika kantini ya mgodi tangu usichana mpaka magoti yake yalipogoma. Hakujaliwa watoto. Alijaliwa Tot, na Tot alikuwa na vitunguu, kwa hiyo Olive naye akawa na vitunguu, ingawa hakuna aliyemuuliza kama anavitaka.

Mtu asiye wa huku kwetu Northumberland hudhani kitunguu ni kitu cha kuungia mchuzi. Katika vijiji vya migodi, mwanamume aliyeshinda chini ya ardhi akichimba makaa kwa kulala ubavu hupanda juu, huoga, hunywa chai, kisha huenda kuchimba tena bustanini, na hicho anachochimba jioni ndicho heshima yake. Kitunguu cha maonyesho kinajaza mikono miwili. Mbegu yake husiwa siku ya pili ya Krismasi, dirishani jikoni, mama wa nyumba akikatazwa kufungua dirisha hilo hata nyumba ikijaa moshi. Mwezi wa Septemba kinavuliwa maganda ya nje, kinafungwa shingo kwa uzi laini na kukalishwa juu ya kipete cha mbao mbele ya jaji anayeletwa kutoka kijiji kingine, kwa sababu jaji wa hapa angepigwa.

Na tuta la vitunguu halihamishwi. Viazi utahamisha, kabichi utahamisha, lakini tuta la vitunguu linakaa palepale na kila mwaka linalishwa. Tot alilirithi lake kwa baba yake. Kila vuli alilifungua mfereji baada ya mfereji, kina cha sepetu mbili, akatandika chini samadi ya wale farasi wadogo waliovuta mabehewa mgodini, juu yake majani yaliyooza, juu tena mavi ya njiwa wa jirani, kisha akarudisha udongo. Majira ya kuchipua alimwaga masizi ya dohani yaliyokaa mwaka mzima kwenye pipa mpaka ukali ukatoka, chokaa kidogo, halafu akaanza kulikanyaga. Kitunguu hakipendi udongo wa kutifuka. Kinataka kukaa juu ya kitu kigumu. Basi ungemwona Tot na Olive bega kwa bega wakijongea upande upande kwa hatua fupi fupi, wanatoka mwisho huu wanafika mwisho ule, wanageuka. Mtu akipita langoni alidhani wanacheza dansi. Joss wangu aliwahi kuwapigia mluzi wa wimbo wa harusi, na Olive akamrushia bonge la udongo likamkosa likanipata mimi.

Sep Rutter alikuwa rafiki wa Tot. Mgodini walifanya kazi ukuta mmoja wa makaa, wakala mkate kwenye mkebe mmoja, na siku ya harusi ya Tot ndiye aliyesimama kama msimamizi. Ndiyo maana Olive alimwita shemeji maisha yake yote, hata baadaye. Naye alilima vitunguu, bustani yake ya tatu kutoka ya Tot, na kila mwaka alikuwa wa pili. Wa pili, wa pili, wa pili. Aliposhika mkono wa Tot kumpongeza alicheka na meno yote, na mimi nilimwambia Joss tangu wakati ule, "Yule anacheka kwa mdomo tu." Joss akaniambia nifunge wangu.

Kisha mgodi ukamla Tot kifua. Vumbi la makaa lilimkaa ndani mpaka akawa hawezi kutoka nje unyevu wa jioni ukishaanza. Mwaka ule wa mwisho Tot alifanya kazi bustanini asubuhi, na jioni ni Olive aliyekwenda kumwagilia, kufunika na kufunga lango. Bustani ilikuwa imezungushiwa milango chakavu ya mgodini, mirefu, huwezi kuchungulia, na lango lilikuwa na kufuli la shaba. Kufuli lilikuja na funguo mbili. Mmoja ulikuwa kwa Tot, ndio aliokuwa akiutumia Olive. Wa pili ulipotea zamani, Tot akisema ulidondoka kwenye mabafu ya mgodi.

Wiki moja kabla ya maonyesho, vitunguu vya Tot vilikuwa vikubwa kuliko vyote alivyowahi kulima. Asubuhi moja alikwenda akakuta lango liko wazi, kufuli linaning'inia, halijavunjwa wala kukwaruzwa. Ndani hakikuibwa kitu. Kila kitunguu kilikuwa kimekaa mahali pake kwenye tuta, kizuri, kimetulia. Tot alipoinama ndipo alipoona. Kila kimoja kilikuwa kimechanjwa kwa wembe ubavuni, chale moja ndefu, na maji yake yalikuwa yanatiririka kwenye udongo.

Nikiwa jikoni kwangu nilimsikia Olive, aliyemfuata bustanini, akipiga kelele. Tot hakupiga kelele. Alirudi, akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Ulisahau kufunga, mke wangu."

"Nilifunga, Tot."

"Kufuli halina hata alama."

"Nilifunga. Nilivuta mara ya pili nione kama limeshika."

"Basi, mama. Yamekwisha. Mtu husahau."

Aliyasema kwa upole, na upole ule ndio uliomuua Olive. Tot angemtukana, Olive angemjibu. Angemrushia sahani, naye angemrushia ya kwake. Lakini Tot alimsamehe kosa ambalo hakulifanya, akaendelea kumsamehe kila siku mpaka alipokufa mwezi wa Januari, na karibu neno lake la mwisho lilikuwa hilohilo, kwamba mtu husahau na asijilaumu.

Kikombe mwaka ule alikichukua Sep Rutter.

Klabu nzima iliamini vilevile. Wahuni walipita, walisema, wakakuta lango wazi. Msibani kwa Tot, mkate na nyama ya nguruwe bado viko mezani, nilimsikia Norman Eltringham, mwenyekiti, akimwambia mwenzake, "Maskini Tot. Miaka yote ile, kisha mwanamke anasahau kufunga lango." Alisema kwa sauti ya chini, lakini nyumba zetu ni ndogo. Olive alikuwa amebeba birika la chai. Alilishika hivyo hivyo mpaka nikamnyang'anya, kwa sababu mpini ulikuwa umeshamuunguza kiganja.

Na Sep? Alikuja akamkumbatia. "Usijitese, Olive," alimwambia. "Tot hakuwa na kinyongo na wewe."

Olive alimtazama. Aliponisimulia baadaye alisema hapo ndipo alipojua. Hakuwa na ushahidi hata wa kuwekea chumvi. Alijua tu, kwa namna mkono wa Sep ulivyompigapiga mgongoni, kama mtu anayefukia shimo.

Sheria ya klabu ilisema mjane hawezi kushika bustani. Olive akaenda kwenye mkutano wao, akakaa mstari wa mbele na mkoba wake magotini, akasema hatoki. Walicheka, wakakohoa, wakamwomba awaachie wanaume wajadili. Hakutoka. Mwishowe Eltringham akasema mwache alime, msimu mmoja utamtosha, vitunguu si maua ya dirishani. Sep ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Alimhurumia sana, Sep.

Kila mtu alimwambia abadilishe kufuli, hata mimi. Nilimwambia, "Olive, lile lina nuksi. Nunua jipya."

"Hili zuri," akasema. Alikuwa amelikalisha mezani juu ya gazeti, analitia mafuta kwa unyoya. "Hili lina kazi."

Ule ufunguo aliuvaa shingoni, ndani ya nguo, na sikumwona bila ufunguo ule tena, hata siku alipolazwa kwa ajili ya goti.

Akalima. Mwaka wa kwanza aliambulia vitunguu vya kuchekwa, na wakacheka. "Olive, hivi ni vya kachumbari?" Mwaka wa pili wakapunguza kucheka. Alikuwa amekanyaga tuta lile na Tot miaka yote, mikono yake ilijua kilichokuwa mle. Vuli alifungua mifereji peke yake, kina kile kile, akipumzika kila baada ya sepetu kumi hivi kwa kukaa juu ya ndoo, na aliponiona namtazama langoni alisema, "Unatazama nini? Njoo unikanyagie." Nikaenda. Nilijongea naye upande upande na viatu vya Joss, mvua inanyesha, natukana kila hatua. Yeye midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Mwishowe nikamuuliza anasali au nini.

"Namwambia Tot nilifunga," alisema.

Jambo lingine lililoanza wakati ule ni kwamba Olive alikuwa akimtazama Sep Rutter kiunoni. Sep ndiye aliyekuwa mtunza ukumbi wa klabu. Alitembea na funguo zote za dunia kwenye pete moja kubwa, zinaning'inia kwenye mkanda, zinalia kila anapopita: za ukumbi, za stoo, za kabati la vikombe, za banda la njiwa, na nyingine ambazo hata mwenyewe nadhani alizisahau. Kila walipokutana, macho ya Olive yalikwenda pale pale. Watu wakaanza kuulizana. Mke wa muuza nyama akaniuliza waziwazi, "Hilda, rafiki yako anamtaka Sep?" Nikamweleza Olive nikidhani atakasirika. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Waache waseme," alisema. "Kuna kitu changu pale."

Hapo ndipo aliponieleza. Mwenye ufunguo wa pili ndiye aliyemkatia Tot vitunguu, na huo ufunguo Sep aliuokota mabafuni alikokuwa akioga na Tot, nao uko kwenye pete ile. Nikasema twende polisi.

"Tuwaambie nini? Mjane aliyesahau lango anataka funguo za Sep Rutter zikaguliwe? Atautupa mtoni kabla hawajamaliza kunicheka. Lazima aseme mwenyewe kwamba ameingia. Mbele ya wote, na pete ile ikiwa kiunoni. Mengine nitayamaliza mimi."

Sikuona atamfanyaje mtu kama Sep aseme. Lakini Olive alimjua kuliko nilivyomjua mimi, na vibaya zaidi, alinijua na mimi.

Mwezi wa Machi mwaka wa tatu alikuja jikoni kwangu, akakaa, akafunga mlango. "Hili ni la siri, Hilda. Tot, mwaka ule kabla hajakatiwa vitunguu, alichota udongo wa juu wa tuta la baba yake, ule mweusi wenyewe. Akautia kwenye magunia. Nimeuweka nyuma ya pipa la masizi. Msimu huu nitaumwaga wote. Usimwambie mtu."

Nawauliza, nani angekaa na neno kama hilo? Nilimwambia dada yangu tu. Na mke wa muuza nyama, kwa sababu aliniuliza vibaya. Kufika Jumapili, habari ya udongo wa Tot ilikuwa imeshafika klabuni, imekunywa bia, imerudi. Nilipogundua baadaye kwamba Olive alinitumia kama baragumu nilinuna siku nyingi. "Ningemwambia nani mwingine?" aliniuliza. "Padri?" Kweli, padri wetu alikuwa kiziwi.

Udongo wenyewe haukuwa wa Tot. Ulitoka kwa dada yake Olive, Ettie, kijiji cha ng'ambo ya reli, ambako mume wa Ettie alipata uozo mweupe kwenye tuta lake akaacha kulima kabisa. Mlima vitunguu yeyote akisikia uozo mweupe anatema mate. Ni ukungu unaoanzia kwenye kitako cha kitunguu, unaota manyoya meupe kama pamba, ndani yake punje nyeusi ndogo ndogo. Ukishaingia kwenye tuta, hautoki. Mwanao atarithi tuta lile na hatavuna kitunguu. Olive aliuleta kwa toroli, magunia mawili yamefungwa vizuri ndani ya turubai, akayaweka juu ya zege mahali ambapo hayagusi ardhi yake. Alivaa buti za zamani za Tot, na alipomaliza akazichoma moto. Nilimkuta amesimama anazitazama zinavyoungua. Buti za marehemu mumewe. Nikaona huyu hachezi.

Hayakukaa wiki. Asubuhi moja alinigongea ukuta, tukaenda wote. Lango limefungwa. Kufuli limeshika. Olive akatoa ufunguo kifuani, akafungua, tukazunguka nyuma ya pipa. Zege tupu.

"Amefunga alipotoka," nilisema. "Safari hii amefunga."

"Ndiyo," alisema Olive. "Kwa udongo anafunga, asijulikane. Kwa vitunguu vya Tot aliacha wazi, nijulikane mimi." Alikaa kwenye ndoo yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona analia. Alilia kwa hasira, kwa kelele, huku akipiga goti lake kwa ngumi. Kisha akapangusa pua na kuchukua sepetu.

Mwanzoni mwa majira ya joto Sep alikuwa anatamba. Alisema klabuni kwamba mwaka huu watu watahitaji vipimo vipya vya kupimia vitunguu vyake. Mwezi wa Juni miche yake ilikuwa mizuri. Mwezi wa Julai majani yakaanza kuwa manjano kwenye ncha. Akaongeza masizi. Akaongeza maji. Akapunguza maji. Mimi nilikuwa napita njia ile kwenda dukani, na sikuwa na haja ya dukani mara nyingi hivyo. Siku moja nilimwona kupitia ufa wa uzio wake, amepiga magoti, ameshika kitunguu mkononi. Kilikuwa kimetoka kirahisi kama jino la mzee. Alikigeuza akatazama kitako chake, kisha akakaa chini palepale kwenye tuta lake, mtu mzima, akabaki amekaa.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Alifunika tuta lake kwa turubai, akawaambia watu ni kwa ajili ya joto. Nilikimbia kumpasha Olive habari. Alikuwa anaosha vitunguu vyake majani kwa maziwa na maji. Hakuinua kichwa. "Bado hajasema," alijibu tu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa kama kawaida, meza zimetandikwa shuka nyeupe, harufu ya vitunguu na moshi wa tumbaku inakata macho, bendi ya mgodi inapiga nje. Jaji alikuwa ameshamaliza. Kikombe alikipata kijana mmoja wa wachimbaji, hana neno. Wa pili Olive Nattrass. Kwenye nafasi ya Sep Rutter hapakuwa na kitu, kadi tu yenye jina lake, na Sep mwenyewe alikuwa karibu na baa, amevaa suti, pete ya funguo kiunoni, uso mwekundu.

"Vipi Sep," mmoja akamrushia, "mwaka huu umelima hewa?"

"Mwacheni, vyake vimeona haya kutoka!"

"Kapitwa na mjane, jamani! Mjane wa kantini!"

Eltringham akagonga meza akamwita Olive achukue kadi yake ya ushindi. Olive akapanda jukwaani na mkoba wake. Alisema asante kwa jaji, asante kwa mwenyekiti, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na zaidi namshukuru Tot wangu. Aliniachia udongo wake kwenye magunia, nimeumwaga msimu huu. Udongo ule ndio uliolima. Mimi nilimwagilia tu."

"Mwongo!"

Watu wote wakageuka. Sep alikuwa ameacha baa, anasukuma watu.

"Mwongo mkubwa wewe! Udongo ule umeoza! Una uozo mweupe, umeniulia tuta zima!"

"Udongo upi, shemeji?" aliuliza Olive.

"Ule wa magunia! Ule wa nyuma ya pipa la ma..."

Kama angeweza kumeza maneno yale angeyameza na glasi yake pamoja. Ukumbi ulitulia mpaka nikasikia bendi nje ikipiga vibaya.

"Nyuma ya pipa la masizi," Olive alimmalizia. "Ndani ya uzio. Ndani ya lango langu. Nani alikupa, shemeji? Mimi nilikupa?"

"Nilisikia... watu wamesema..."

"Watu walisema uko wapi. Hawakusema umeoza. Umeujuaje umeoza?"

Eltringham alikuwa amesimama. Si mtu mwerevu sana, Norman, lakini alichimba makaa na Tot miaka mingi, na sasa niliona uso wake ukifika polepole kule ambako Olive alikuwa amemngoja miaka mitatu.

"Sep," alisema, "uliingiaje kwa Olive?"

"Lango lilikuwa wazi. Si mnajua huyu hafungi lango?"

Baadhi walitaka kucheka. Olive akafungua mkoba. Akatoa kufuli la shaba, limefungwa, linang'aa kwa mafuta, akaliweka mezani kando ya kikombe. Akaingiza mkono kwenye ukosi wa nguo, akatoa ufunguo wake, akauvua shingoni na kuuweka upande wa pili, mbali.

"Hili ndilo lililokuwa langoni siku Tot alipokatiwa vitunguu. Ndilo lililopo hadi leo, sijabadilisha. Ufunguo wangu ni ule pale. Sasa, mwenyekiti, mwambie mtunza ukumbi alete pete yake."

"Hizi ni funguo za klabu!" alisema Sep.

"Kweli," alisema Eltringham, "za klabu. Kwa hiyo zilete."

Hakuzileta. Akaanza kurudi nyuma, mkono umefunika kiuno, na wale wanaume waliokuwa wakimtania hawakumpisha. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walisimama tu, mabega yamegusana, wamevaa suti zao za Jumapili, mpaka yule kijana wa kikombe akanyoosha mkono akaifungua pete kwenye mkanda wake kwa utaratibu, kama anamsaidia mgonjwa.

Eltringham alijaribu funguo moja moja. Wa ukumbi haukuingia. Wa stoo haukuingia. Aliendelea, vidole vinene, anatoka jasho, na mimi nikaanza kuogopa kwamba Olive alikuwa amekosea, kwamba ametupeleka sote mpaka pale kwa ajili ya macho ya mjane. Nikamtazama. Alikuwa anamtazama Sep, si kufuli.

Uliingia mdogo mmoja wa shaba, mweusi kwa uchafu. Kufuli likafunguka.

Mtu mmoja nyuma akasema jina la Tot. Mke wa Sep akachukua koti lake akatoka bila kumngoja. Sep alifungua mdomo, akamwangalia mwenyekiti, kisha Olive, na alichosema ni, "Miaka yote ile nilikuwa wa pili," kana kwamba lilikuwa jibu.

Eltringham alivua kofia. "Olive," alianza, "kwa niaba ya klabu, sisi sote tulio..."

Olive hakumsikiliza. Hakuwa amekuja kwa ajili yao. Alichukua kufuli lililofunguka, akalibana kwa viganja vyake vipana mpaka likashika, akalivuta mara moja, akalivuta mara ya pili, huku wote tukitazama.

"Nilifunga," alisema.